Jakuzi la bei nafuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu anayetafuta jakuzi kwa fedha za kubana hupotoshwa kirahisi, kwa sababu dukani huonyeshwa vile vinavyopendeza macho: taa za rangi, spika, vijiporomoko vya maji, jeti (vitundu vya kurushia maji) nyingi zinazong'aa. Vinavyoamua kama jakuzi litadumu miaka kumi au litakufa majira ya baridi ya pili havionekani. Ni povu la kuhifadhi joto nyuma ya kuta, uzito wa kifuniko, bodi ya umeme, na kama vipuri vyake bado vinapatikana. Naandika hasa kwa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, ambako baridi ni kali na majakuzi ya mitumba ni mengi, na pia kwa wale wanaofikiria kulisafirisha moja hadi Mombasa au Dar es Salaam.

"Jakuzi ni majivuno ya matajiri"

Jina hili ni la ukoo wa Jacuzzi, ndugu waliohama kutoka Italia wakafungua kiwanda Berkeley, California, ambacho baadaye kiliunda pampu za visima vya wakulima. Mmoja wao, Candido, alikuwa na mtoto, Kenneth, aliyeugua baridi yabisi tangu akiwa mdogo sana na aliyepata nafuu kwa kukandwa na maji hospitalini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 baba yake akaunda pampu ya kutumbukizwa kwenye beseni la kuogea nyumbani, na mwaka 1956 kampuni ikaanza kuiuza kama kifaa cha tiba. Anasa ilikuja baadaye. Mtu anayeshinda amesimama ghalani, au anayeinua wagonjwa zamu nzima katika nyumba ya wazee, ana haki ya kutamani maji ya moto jioni bila kuonekana anajikweza.

"Jeti zikiwa nyingi, jakuzi ni bora"

Hili ndilo linalowagharimu watu zaidi. Jeti haizalishi nguvu yoyote. Inapokea sehemu yake ya maji yanayosukumwa na pampu. Jeti 20 zenye pampu inayozimudu zitaukanda mgongo vizuri kuliko jeti 60 zinazogawana pampu moja dhaifu. Tena kila jeti ni tundu lililotobolewa kwenye ganda, likafungwa kwa mpira na kuunganishwa na bomba kwa gundi. Matundu 60 ni nafasi 60 za maji kuvuja, na katika majakuzi yaliyojazwa povu hadi ukingoni fundi hulazimika kulichimbua povu hilo taratibu mpaka aufikie uvujaji. Malipo yake huhesabiwa kwa saa.

Usikubali pia namba za nguvu farasi zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Mara nyingi hicho ni kilele cha sekunde chache mota inapowaka. Angalia kibandiko cha mota yenyewe, zidisha volti kwa ampea, kisha gawanya kwa 746, ambazo ndizo wati za nguvu farasi moja. Mota ya volti 240 na ampea 12 inavuta wati 2,880, yaani chini ya nguvu farasi 4 hata kabla ya kutoa kinachopotea kama joto. Ikiwa tangazo linasema 6, umeshajua ni mtu wa aina gani anayekuuzia.

"La kuchomeka kwenye soketi ya kawaida linakula umeme kidogo"

Soketi ya kawaida ya nyumba ya Marekani ni volti 120 na ampea 15, na kwa mzigo wa muda mrefu inatakiwa ibebe ampea 12 tu, yaani wati 1,440 hivi. Hita yake basi ni dogo. Lakini kiasi cha nishati cha kupasha maji hakibadiliki kwa sababu ya udogo wa hita. Lita 1,000 za maji kutoka nyuzi 10 hadi 38 za Selsiasi zinahitaji yuniti 32 na nusu hivi za umeme. Hita la kilowati 1 litachukua karibu saa 32 na nusu, la kilowati 4 litachukua saa 8, na bili ya kupasha ni karibu ileile. Ukiacha hita dogo lihangaike saa zote hizo wakati joto linaendelea kutoroka, hata utalipa zaidi.

Faida ya volti 120 ni nyingine, na ni ya kweli: humlipi fundi umeme kuvuta waya mpya kutoka kwenye boksi la breka, kazi inayoweza kugharimu fedha nyingi kama boksi liko mbali. Kwa mpangaji anayehamahama ni jambo kubwa. Hasara yake ni kwamba katika majakuzi mengi ya aina hii hita huzimika pampu ikienda kasi, kwa hiyo mkikaa nusu saa kwenye baridi ya Minnesota mwezi Januari, maji yanapoa mkiwa ndani. Ohio mwezi Oktoba hutalalamika.

Liwe la volti 120 au 240, lazima kuwe na kifaa kinachokata umeme mara moja unapovuja. Usitumie waya wa kurefushia. Mwenye nyumba akikuambia soketi ya nje "haina shida", mlete fundi mwenye leseni aipime.

"Lizime kila ukitoka, utaokoa"

Kuna ukweli ndani yake, na ndiyo maana dhana hii haifi. Maji yakipoa, hupoteza joto polepole zaidi, kwa hiyo ukisafiri wiki mbili, kushusha joto kunaokoa. Ila kwa anayeoga siku moja au mbili baadaye, alichookoa usiku ni kidogo ikiwa jakuzi limehifadhiwa vizuri. Tena ukizima kwenye swichi kuu umezima na uchujaji, na maji yaliyotuama huharibika. Kwenye barafu ni hatari zaidi, kwani maji yaliyoganda ndani ya mabomba hupasua mabomba, pampu na hita kwa usiku mmoja, na hapo jakuzi la bei nafuu limekwisha.

Pesa inaokolewa juu, kwenye kifuniko. Joto jingi hutoroka kupitia uso wa maji, hasa kwa mvuke. Kifuniko kizuri kina povu nene lililokatwa kwa mteremko ili mvua isituame, kinakaa bila mwanya ukingoni, na mtu mmoja anaweza kukiinua. Kikiwa kizito kuliko kinavyostahili, kimeshanywa maji: mvuke umepenya utando wa ndani, povu limelowa, na povu lililolowa halizuii joto. Ukilazimika kuchagua kati ya taa za rangi na kifuniko kipya, tafadhali nunua kifuniko.

"La kujazwa upepo ni la kutupwa"

Si kweli kwa kila mtu. Kwa miezi ya joto, kwa familia inayotaka kujaribu kabla ya kutumbukiza fedha kubwa, linatosha. Kuta zake lakini hazihifadhi joto vizuri, na mengi watengenezaji wake wanakataza kuyatumia nje hewa inaposhuka chini ya nyuzi 4. Usilinunue ukitegemea likuvushe majira ya baridi.

Kati ya hilo na yale ya akriliki (plastiki ngumu inayong'aa) kuna aina ambayo wauzaji huitaja kwa aibu, na mimi naipenda: ganda la plastiki la kipande kimoja, lililotengenezwa kwa kuzungusha plastiki ndani ya kalibu yenye moto, njia ileile inayotumika kutengeneza matangi ya maji yaliyojaa kwenye mapaa ya Nairobi na Dodoma. Halipendezi sana. Viti vyake havifuati mgongo. Ila ni jepesi, halina rangi ya kubanduka, halivunjiki kirahisi, na mara nyingi mabomba yake ni machache kiasi kwamba fundi anayaona yote akifungua kibati kimoja.

"Mtumba ni kamari"

Ni kamari kwa anayenunua jakuzi kavu. Muuzaji akisema "lilikuwa linafanya kazi mpaka tulipolizima", mwambie alijaze na kuliwasha, kisha urudi kesho yake. Maji yawe ya moto. Sikiliza pampu: kelele ya kusaga ni beringi zilizochoka. Fungua kibati cha pembeni umulike chini kwa tochi, ukitafuta unyevu, chumvi nyeupe iliyokauka, na viota vya panya, maana panya hupenda joto hilo na hutafuna nyaya.

Kisha soma jina lililo kwenye bodi ya umeme. Ikiwa ni Balboa au Gecko, kampuni mbili zinazouzia watengenezaji wengi, vipuri utavipata na fundi yeyote atavijua. Ikiwa ni bodi maalumu ya kiwanda kilichofungwa, hata jakuzi zuri linaweza kufa kwa kukosa kipande kimoja.

Na lile la "bure, njoo ulichukue" hesabu gari, watu wa kulibeba, waya, kifuniko kipya na vichujio kabla ya kushukuru.

"Nitalipeleka nyumbani, umeme ni volti 240 kote"

Hapa nawasihi ndugu wenye nyumba za wageni kule Limuru, Naivasha au Arusha wasome polepole. Volti 240 za Marekani ni nyaya mbili za moto zenye volti 120 kila moja. Kenya na Tanzania ni waya mmoja wa moto na nyutro. Jakuzi la Marekani likiwa na kifaa chochote kidogo cha volti 120 ndani, kama pampu ndogo ya kuzungushia maji, kwetu hakitapata umeme wake sahihi, na kikiunganishwa kwa kubahatisha kitaungua.

Kubwa kuliko hilo ni mzunguko wa umeme. Marekani ni hezi 60, kwetu ni hezi 50. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 itazunguka pungufu kwa moja ya sita, itasukuma maji kwa unyonge, na itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa. Transfoma haibadilishi hezi. Nunua lililoundwa kwa hezi 50, linalouzwa Ulaya au Uingereza, au panga tangu mwanzo kubadilisha mota na bodi. Na kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, pima ugumu wake (wingi wa chokaa) kwanza, kwani tabaka la chokaa huganda juu ya hita mpaka likaungua.

"Maji ya moto yanaua vijidudu vyenyewe"

Dhana hii inaumiza watu. Maji ya jakuzi hayachemki. Yana nyuzi 37 hadi 40, joto ambalo bakteria hustawi. Pseudomonas huleta vipele vyenye kuwasha, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana. Legionella ni mbaya zaidi: huvutwa kwa pumzi pamoja na matone madogo yanayorushwa na jeti, na huleta nimonia inayoweza kuua, hasa kwa wazee na wavutaji sigara. Joto hilohilo ndilo linalomaliza klorini haraka, na watu wanne kwenye lita 1,000 ni msongamano ambao bwawa la kuogelea haliujui.

Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inashauri klorini isiyopungua miligramu 3 kwa lita, au bromini 4 hadi 8, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.0 na 7.8. Vijikaratasi vya kupimia ni bei ndogo. Pima kabla ya kuingia. Osha kichujio, badilisha maji kila baada ya miezi mitatu au minne. Usitumie vile vidonge vikubwa vya klorini vya mabwawa, ni vikali na huharibu ganda na hita. Na usichanganye aina mbili za klorini, wala klorini na asidi, hata kwenye kikombe cha kupimia: hutoa gesi yenye sumu na huweza kulipuka. Kwenye bajeti yako, dawa na vichujio viwe na mstari wao tangu siku ya kwanza. Asiye na uwezo wa kuvinunua kila mwezi asubiri kwanza.

"Baraza la mbao litabeba tu"

Lita 1,300 ni kilo 1,300. Ongeza ganda kilo 350 na watu wanne, unakaribia tani mbili kwenye eneo la mita mbili kwa mbili na kidogo, yaani zaidi ya kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Baraza la kawaida la nyumba za Marekani husanifiwa kwa mzigo wa kilo 200 hivi kwa mita ya mraba. Mwaga zege ardhini.

"Joto likizidi ndiyo tiba"

Nyuzi 40 ndicho kikomo, na kipima joto cha jakuzi la mtumba hakiaminiki mpaka ukilinganishe na kingine. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu aongee na daktari wake kwanza, na mjamzito vilevile. Pombe isiingie humo, kwani huongeza usingizi na kushusha shinikizo, na watu wamezama katika maji ya kufika kifuani. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiingizwe kabisa, kwa sababu miili yao hupata joto haraka mno.

Kwa walio wakubwa kidogo, kagua matundu ya kunyonya maji. Mwaka 2002 mtoto wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, alinaswa na mvuto wa tundu la jakuzi akafa maji, na mwaka 2007 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake kuhusu vifuniko vya matundu hayo. Majakuzi ya zamani bado yanauzwa. Pitisha kidole kwenye kila kifuniko pampu ikiwa imezimwa: kikiwa kimepasuka, kimelegea au hakipo, agiza kingine kinacholingana na pampu hiyo, na jakuzi lisiwashwe mpaka kifungwe.