Kampuni ya kompyuta kununua walioizidi teknolojia: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

Juzi hapa Chikongola, Mtwara, mteja kaleta laptop yake ya Compaq haiwaki, kufungua mfuniko ndani stika zote HP, jamaa macho yakamtoka, "Fundi, umenibadilishia vifaa?" Kaka sijabadilisha kitu, Compaq ilimezwa na HP toka 2002. Ubishi wa kampuni kununuana ukaanzia hapo.

Dhana: ukimnunua aliyekuzidi teknolojia, na wewe ushaendelea.
Ukweli: Compaq hao hao walijaribu. 1998 waliinunua kampuni ya kompyuta ya Digital kwa dola bilioni 9.6 hivi, wale jamaa walikuwa na chipu (ule ubongo wa kompyuta) inaitwa Alpha, enzi hizo ilikuwa balaa kwa spidi, sasa Compaq wamezoea kuuza PC za kawaida kwa wingi, chipu ya namna ile wataipeleka wapi? 2001 wakatangaza wanaachana nayo, mwaka uliofuata wao wenyewe wakamezwa. Yani ni kama ununue kiwanda cha korosho halafu kinamama wanaojua kubangua ikatoka nzima uwaache waondoke, unabaki na jengo na maganda.

Dhana: bei ikiwa kubwa basi umepata kitu cha maana.
Ukweli: HP 2011 waliichukua Autonomy ya Uingereza, kampuni ya programu, kwa kama dola bilioni 11, mwaka umezunguka tu wakafuta bilioni 8.8 kwenye vitabu, yani wakakiri thamani hiyo haipo (huwa naisoma tena hiyo hela nikidhani nimekosea). Apple nao 2008 walinunua P.A. Semi kwa milioni 278 tu, watu wa chipu, wakawapa kazi ya chipu, na 2020 Mac zikaanza kutoka na chipu ya M1 ya kwao wenyewe badala ya zile za kununua Intel.

Dhana: basi kununua ni kutupa hela.
Ukweli: hapana bwana. Lenovo 2005 walichukua kitengo cha PC cha IBM, jina la laptop zake, ThinkPad, hawakuligusa, hata kile kidude chekundu katikati ya kibodi kipo mpaka leo, nashika hizo mashine kila wiki.

Mimi ningekuwa bosi wa kampuni hizi ningenunua kidogo kidogo, kile ambacho tayari nina meza ya kukiweka.

Ile Compaq tatizo lilikuwa jeki ya chaji imelegea tu, nikaichomelea kwa risasi ikawaka. Ila mwenyewe kaondoka anabisha kuwa HP nimeiweka mimi.