Kwa nini ndimu haimuui mnyoo wa kwenye samaki mbichi?

Kule Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, kuna msosi unaitwa koi pla. Wanachukua visamaki vya mtoni, ukoo mmoja na ningu wetu wa Ziwa Victoria, wanavikatakata vikiwa vibichi, wanakamulia ndimu, wanatia pilipili, majani ya kunukia na unga wa mchele uliokaangwa, halafu wanapiga na wali wa kunata. Nyama ikishakolea ndimu inageuka nyeupe kabisa utadhani imeiva, na hapo ndo watu wanapopigwa chenga.

Maana ndani ya ile nyama kuna mtoto wa mnyoo bapa wa ini, Opisthorchis viverrini, kajikunja kwenye kigamba ambacho kwa macho hukioni. Sasa hicho kigamba kazi yake ni kumvusha tumboni kwa mtu, asidi ya tumbo yenyewe haimpati, we unamtisha na ndimu? Akifika utumbo mwembamba ndo anatoka, anapanda zake mpaka kwenye mirija ya nyongo, anakua kufikia karibu sentimita moja, na anaweza kukaa humo miaka 10 na ushee huku mwenye mwili hana habari.

Ubaya ni kwamba anachubua ukuta wa mrija, unapona, anachubua tena, miaka nenda miaka rudi, na mwisho kwa baadhi ya watu inakuwa kansa ya mirija ya nyongo. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, ilishamtaja tangu 1994 kuwa anasababisha kansa kwa binadamu. Chuo Kikuu cha Khon Kaen kuna daktari wa upasuaji, Narong Khuntikeo, baba na mama yake wote waliondoka na kansa hiyohiyo, akaamua kupita vijijini na mashine ya ultrasaundi kuwapima watu mapema.

Dawa ipo, prazikwanteli, ileile tunayomeza huku kwa ajili ya kichocho, wala si ajabu kwani hawa minyoo ni ndugu na wote wanapitia kwa konokono kwanza. Ila haikukingi na maambukizi mapya, ukila tena unaanza upya. Na hata kijiji kizima kikimeza siku moja, paka na mbwa wanaokula mabaki ya samaki nao wanaye, mayai yanatoka na kinyesi chao, mvua inayasomba mpaka mtoni, konokono wanayala, wanaofuata ni samaki.