Betri ya PLC: usizime stima kwanza

Mafundi wa Industrial Area, Nairobi, kuanzia Lunga Lunga hadi Enterprise Road, wamerithishana kauli moja: kabla ya kubadilisha betri ya PLC, kile kidhibiti kinachoendesha mashine, zima stima. Kwa mota, sawa kabisa. Kwa PLC nyingi za zamani, hivyo ndivyo programu inavyopotea.

Programu ya PLC hizo hukaa kwenye RAM, kumbukumbu ambayo husahau kila kitu ikikosa umeme. Stima ikiwepo, pawasaplai ndiyo huilisha. Betri ile ndogo ya lithiamu, mara nyingi ya volti 3.6, husubiri stima ipotee. (Nairobi haisubiri sana.) Ukizima kisha uchomoe betri, hubaki kapasita tu, kama ipo, na chaji yake haidumu. Kwa hiyo taa ya BATT, ya kuonya kwamba betri imechoka, ikiwaka, nakili programu kwenye laptopu, kisha badilisha betri stima ikiwepo, kwa uangalifu, ukifuata kitabu cha mtengenezaji.

PLC mpya ni hadithi nyingine. Siemens S7-1200 huhifadhi programu kwenye kumbukumbu ya flashi, isiyosahau umeme ukipotea, bila betri.