Mtungi wa maji ulioisha mapema

Kuna mama wa Eastlands, Nairobi (nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane) alikuja kliniki kulalamika juu ya maji. Kwao mfereji unatoka siku mbili kwa wiki, wanajaza mitungi, na ule wa choo ukawa unaisha kabla saa nne asubuhi, na kila akiuliza ni nani, ni huyu binti yake wa miaka 19 ambaye kwa faili yangu ameandikwa depresheni, na kabla ya hapo alitibiwa ulcers, maanake Nairobi ukisema tumbo tu ni ulcers.

Nikabaki na msichana peke yake, nikamuuliza ukishakula huwa unaenda wapi. Akaficha mkono. Juu ya vifundo vya vidole kulikuwa na sugu, meno ndiyo huziacha ukijitapisha mara nyingi. Bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, na maji ya choo yalikuwa yanaishia hapo. Uzito wake wa kawaida kabisa, hata shangazi zake krismasi walimwambia umenona, kwa hivyo nani angeshuku? Mimi mwenyewe nilikaa na hiyo faili miezi miwili sijauliza.

Sasa watu huniuliza, ni depresheni ilileta hii ama ni hii ilileta depresheni? Zote mbili. Wengi wasiwasi huwa nao tangu utotoni, kabla chakula hakijakuwa shida. Lakini njaa nayo inavuruga akili: mwaka wa 1944 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua wanaume 36 wazima wa akili na mwili, akawapunguzia chakula miezi sita, na wakawa na huzuni, hasira za bure, wanaota chakula, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Hawakuja nayo, njaa iliwaletea. Ndio maana mgonjwa wa anoreksia (ule wa kujinyima chakula) aliyekonda sana ukimpa dawa ya depresheni pekee mara nyingi haishiki, anza na chakula. Kwa bulimia fluoksetini, dawa ya depresheni, husaidia, ila miligramu 60, si zile 20 tumezoea kuanza nazo. Na bupropioni, dawa nyingine ya depresheni, usimpe hata kidogo, inaweza kumletea kifafa.

Siku hiyo sikuandika dawa. Nilimtuma maabara apimwe potasiamu, madini ya damu, maanake kutapika huishusha na moyo unaanza kupiga ovyo. Ilikuwa chini. Mama akauliza sasa huo mtungi aufungie wapi, nikamwambia mama, achana na mtungi kwanza, hii damu ndiyo ya leo.