Mtoto wa kasa habebwi mpaka majini

Wengi wanaojitolea kulinda kasa hudhani kazi yao ni kubeba watoto wa kasa viganjani na kuwatia baharini. Ni huruma isiyosaidia. Mtoto akitoka kiotani anahitaji kujikokota mwenyewe mchangani, kwani ndipo anapoanza kushika mwelekeo wa kwenda bahari kuu.

Kisiwani Juani, Mafia, nchini Tanzania, wanakotaga kasa wa kijani, kazi kubwa ni kutembea. Walinzi wa viota, watu wa vijiji vya huko huko, hukagua ufukwe wakitafuta michirizo ya kasa aliyepanda usiku kutaga. Kiota kilicho salama huachwa kama kilivyo. Kinachoweza kufikiwa na bamvua, maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, ndicho huhamishwa, na hapo hakuna mchezo: ifanyike ndani ya saa chache, bila kuyageuza mayai. Kiinitete, yaani kasa anayeanza kuumbika ndani ya yai, kikishajishikiza kwenye ganda, yai likigeuzwa kinaweza kufa. Kisha ni kungoja, takriban miezi miwili.

Mgeni naye? Azime tochi, hata ya simu (ndiyo, na picha zisubiri), maana mwanga huwapoteza watoto njia. Aokote plastiki, afukie mashimo ufukweni. Atakayotaka zaidi amwulize mlinzi wa kiota.