Watu kumi wa Minnesota: tunayoyakosea kuhusu ujumbe wa jimbo katika Kongresi

Kosa la kwanza linaanzia kwenye neno. Mtanzania akisikia "jimbo" anaona eneo lenye mbunge mmoja, kama Jimbo la Ubungo au Jimbo la Kyela. Kwenye habari za Marekani zinazosomwa kwa Kiswahili, jimbo ni Texas, ni Ohio, ni Minnesota. Ndiyo maana ndugu zetu wakishafika Minneapolis huuliza, "Mbunge wa hapa ni nani?" wakitarajia jina moja. Ni watu kumi, na kwa pamoja ndio ujumbe wa jimbo katika Kongresi, yaani bunge la Marekani lililoko Washington. Eneo la mbunge, lile Wakenya wanaloliita eneo bunge, huku ni wilaya, na Minnesota ina wilaya nane. Pamoja na hao wanane wa Baraza la Wawakilishi kuna maseneta wawili wa jimbo zima. Kwa hiyo kila mkazi ana watatu wake, popote anapoishi: mmoja wa wilaya na wawili wa jimbo.

Nimewafuatilia hawa kumi kwa miaka sasa, kura kwa kura, na dhana zilezile zinanirudia kila nikikaa na watu wetu msibani, kanisani au kwenye vinyozi.

"Hao ndio wanaotunga sheria za Minnesota." Hapana. Minnesota ina bunge lake St. Paul, mji mkuu wa jimbo, lenye maseneta 67 na wawakilishi 134, na hao kumi hawana kiti humo wala hawawezi kumwamuru gavana. Sheria ya 2023 iliyowaruhusu wasio na hati za uhamiaji kupata leseni ya udereva ilipitishwa St. Paul. Pasipoti, uhamiaji, pensheni ya uzeeni ya serikali kuu na matunzo ya wanajeshi wastaafu ni mambo ya Washington. Ukibisha hodi mlango usio wake, utazungushwa.

"Mimi si raia, sipigi kura, kwa hiyo huyo si mbunge wangu." Hii ndiyo inayoniuma, kwa kuwa inawanyamazisha wale hasa wenye shida.

Marekebisho ya 14 ya Katiba yanasema viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa idadi ya watu wote wa kila jimbo. Hayasemi raia, wala wapiga kura. Mtoto mchanga anahesabiwa, mkimbizi aliyeshuka ndege mwezi uliopita anahesabiwa. Viti ni 435 kwa nchi nzima, na kila baada ya sensa vinagawanywa upya, jimbo moja likipata na jingine likipoteza. Sensa ya 2020 ilipomalizika, kiti cha 435, cha mwisho kabisa, kiliangukia Minnesota. New York ingehesabu watu 89 zaidi, kiti kingekwenda huko na sisi tungebaki na wabunge saba. Watu 89! Hao ni wachache kuliko waumini wa ibada moja ya Kiswahili Jumapili. Na mwaka ule Minnesota iliongoza majimbo yote kwa kiwango cha kaya zilizojaza fomu zenyewe bila kusubiri karani wa sensa agonge mlango. Kwa hiyo yule baba aliyejaza fomu kwa niaba ya watu tisa wa nyumba yake, wote bila uraia, alisaidia kukishika kiti hicho.

Mama mmoja wa Kikongo, jirani yetu, alikaa zaidi ya mwaka bila kujua faili la kumleta mumewe limefika wapi. Mume alikuwa bado kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Yeye alikuwa ametangulia na watoto. Karatasi zake alizitunza kwenye mfuko wa unga, zimekunjwa mara nne, risiti ya ombi ikiwa juu na namba yake imezungushiwa kalamu nyekundu. Watu walimwonya asithubutu kwenda ofisi ya mbunge kabla ya uraia. Nilimsindikiza. Dada wa mapokezi hakuuliza uraia, aliuliza postikodi ili ahakikishe kwamba mama ni wa wilaya ile. Kisha akampa fomu ya ridhaa atie sahihi, kwa sababu sheria ya faragha ya 1974 inazuia idara ya serikali kumpa mtu mwingine taarifa zako bila ruhusa yako ya maandishi. Baada ya wiki tano jibu likaja: faili lipo, linasubiri uchunguzi wa usalama. "Kumbe iko! Nilizani walishaitupa," akasema, akakaa chini palepale kwenye ngazi.

Ofisi haikuharakisha ombi wala kulipitisha. Mbunge hana mamlaka ya kuiamuru idara ya uhamiaji ikubali. Anachoweza ni kuiuliza kwa barua yenye jina lake, na idara ina watu maalumu wa kujibu barua hizo.

"Lazima uwe umezaliwa Marekani ndipo uingie Kongresi." Sharti linalokaribia hilo ni la urais: rais lazima awe raia tangu kuzaliwa. Mwakilishi anatakiwa awe na miaka 25, uraia wa miaka saba, na awe mkazi wa jimbo siku ya kuchaguliwa; Katiba haimlazimishi hata kuishi ndani ya wilaya yake. Ilhan Omar, anayewakilisha wilaya ya tano yenye Minneapolis tangu 2019, aliishi miaka minne kambini Kenya kabla ya kufika Marekani mwaka 1995.

"Mbunge ana mfuko wake." Mkenya aliyezoea NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huenda na bahasha ya ada ya shule. Huku mwakilishi anapewa bajeti ya kuendesha ofisi, yaani wafanyakazi, kodi ya pango na safari, na haruhusiwi kuchanga msiba au karo kwa fedha hizo. Tangu 2021 wawakilishi wanaweza tena kuombea fedha miradi ya wilaya zao, tuseme kituo cha afya au barabara. Lakini kila ombi sharti lichapishwe kwenye tovuti ya mwakilishi, pamoja na tamko lenye sahihi kwamba halimnufaishi yeye wala familia yake. Yasome maombi hayo. Hakuna mahali pengine utakapoona kwa uwazi namna hiyo mtu wako anaithamini nini wilaya yake.

"Wanatoka jimbo moja, basi ni kitu kimoja." Wakati mwingine ndiyo. Daraja la barabara ya I-35W lilipoporomoka ndani ya mto Mississippi tarehe 1 Agosti 2007, likaua watu 13, maseneta Amy Klobuchar wa Democratic na Norm Coleman wa Republican walisimama bega kwa bega, na Jim Oberstar wa wilaya ya nane ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya uchukuzi. Ndani ya siku chache Kongresi iliidhinisha dola milioni 250. Daraja jipya lilifunguliwa Septemba 2008.

Lakini uliza kuhusu mgodi wa shaba na nikeli karibu na maziwa ya Boundary Waters, kaskazini. Pete Stauber, ambaye maziwa hayo yako wilayani kwake, anautaka. Betty McCollum wa St. Paul amewasilisha miswada ya kuuzuia. Chaguzi za 2020, 2022 na 2024 zote zilitoa wawakilishi wanne wa Democratic na wanne wa Republican.

Na kuna siku moja tu ambayo wawakilishi wa jimbo hupiga kura moja kwa pamoja. Ikiwa hakuna mgombea urais aliyepata zaidi ya nusu ya kura za wajumbe wa uchaguzi, wale wanaoteuliwa na kila jimbo kumpigia rais kura, Baraza la Wawakilishi huchagua rais, kila jimbo likiwa na kura moja. Mwaka 1825 John Quincy Adams alipata urais hivyo, kwa majimbo 13 kati ya 24, ingawa Andrew Jackson alimzidi kura. Wawakilishi wa jimbo wakigawanyika nusu kwa nusu, jimbo halitoi kura kwa yeyote. Hapo ndipo nne kwa nne ya Minnesota ingekuwa kimya.

"Chama kikimfukuza, kiti kimekwenda." Ndivyo ilivyo Tanzania, siyo huku. Mwakilishi anaweza kuhama chama na kubaki na kiti mpaka uchaguzi. Wapiga kura hawawezi kumwita nyumbani kabla ya muda. Theluthi mbili za wenzake ndizo zinazoweza kumtoa, kama walivyomtoa George Santos wa New York Desemba 2023.

"Alipiga kura kupinga wakimbizi, nimeliona kwenye tangazo." Kura za majina huchapishwa na karani wa Baraza, kwa kawaida siku ileile. Kabla hujaangalia jina, soma swali lililopigiwa kura. Je, ni kuupitisha muswada, kuurudisha kamatini, au kufunga mjadala tu? Matangazo mengi huchukua kura ya aina ya pili na kuiita ya kwanza.