Je, wajua? Taa ya T-BELT haijawahi kuuona mkanda

Kwenye dashibodi ya Toyota Land Cruiser, Prado au Surf ya dizeli ya zamani kuna kitaa kimeandikwa T-BELT. Kikiwaka, dereva anampigia fundi: mkanda wa taimingi umeanza kuchoka. Kikizimika, roho inatulia. Lakini mkanda umefungiwa ndani ya kava mbele ya injini, na hakuna hata waya mmoja unaoingia humo kuupima. Kitaa kinajuaje?

Hakijui. Kinahesabu kilomita tu. Mita ikifika 100,000 (kwenye baadhi ya modeli 150,000) taa inawaka, hata kama mkanda mpya ulifungwa jana yake. Na mkanda ukianza kupoteza meno mita ikisoma 80,000, taa itakaa kimya.

Ushahidi mzuri uko kwenye namna ya kuizima. Kwenye Land Cruiser za toleo la 80, fundi anavuta dashibodi, anageuza mita, na nyuma yake anakuta matundu mawili. Skrubu inatolewa tundu hili inafungwa lile, taa imelala mpaka kilomita 100,000 nyingine. Kwenye Prado na Surf zenye injini ya 1KZ kuna kifuniko kidogo cha mpira kwenye kioo cha mita. Unakibandua, unasukuma kwa kitu chembamba, basi. Za 1KD hesabu imo kwenye mita ya kielektroniki, na inaanzishwa upya kwa kitufe cha kilomita za safari. Kote huko hakuna aliyefungua hata bolti moja ya kava.

Kwa hiyo gari lililotumika likija kuuzwa na taa imezimika, hujaambiwa lolote. Huenda mkanda ni mpya. Huenda skrubu ndiyo iliyohamishwa. Huenda mita ilirudishwa nyuma au ilitolewa kwenye gari lingine, na hapo hata kilomita zenyewe ni hadithi. Kinyume chake pia hutokea: fundi amebadilisha mkanda vizuri, akasahau kitaa, na mwenye gari anaambiwa alipe tena. Isitoshe, mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na kitaa hakihesabu miaka.

Hofu yenyewe ina msingi. Mkanda unaifunga krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (inayofungua valvu, milango ya hewa na moshi) ziende kwa hesabu ya 2 kwa 1: krankshafti ikizunguka mara mbili, kila valvu inafunguka mara moja. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu ukiwa chini, wa yule uko juu, na hawaangaliani, wanafuata wimbo. Wimbo ukikatika, mmoja akaganda na mchi wake ndani ya kinu huku mwenzake akishusha kwa nguvu zote, michi inagongana. Mkanda ndio wimbo. Ukikatika, kamshafti inasimama na baadhi ya valvu zikiwa zimeshuka wazi, wakati pistoni, zikisukumwa na uzito wa gari na flaiwili (gurudumu zito la injini), zinaendelea kupanda.

Kinu chenyewe kina nafasi gani? Injini ya 1HZ, ile ya Land Cruiser nyingi za safari na ambulensi Afrika Mashariki, ina silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, yaani 694 kwa kila silinda. Mgandamizo wake ni takriban 22 kwa 1, yaani hewa inabanwa mpaka sehemu 1 kati ya 22. Piga hesabu: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi yote iliyobaki ni kama sentimita za ujazo 33, vijiko viwili vya mezani na matone. Na sehemu nzuri ya hivyo vijiko viwili imo kwenye kichumba cha pembeni kinachopuliziwa dizeli, haiko juu ya pistoni. Valvu iliyobaki wazi haina pa kukimbilia.

Injini za petroli kama 4A-FE ya Corolla na Carina za miaka ya 1990 zina kinu kipana zaidi. Mkanda ukikatika gari linazimika, unafunga mwingine, unaondoka. Ndiyo maana fundi mmoja ataapa kwamba mkanda ukikatika injini imekwisha, na mwingine ataapa haina neno. Kila mmoja anazungumzia injini aliyoizoea. (Mwenye IST au Probox ya 1NZ asihangaike: hiyo ina cheni.)

Sasa dalili. Mlio mkali wa kukwaruza asubuhi si wa mkanda huu, kwa sababu mkanda wenye meno hautelezi ukalia. Huo mara nyingi ni mkanda wa nje wa altaneta. Kinacholia ndani ya kava ni beringi ya tenshena, puli inayoukaza mkanda. Kwenye 1HZ, vua mikanda ya nje, washa injini kwa sekunde 30 tu, maana pampu ya maji nayo imesimama. Mlio ukibaki, unatoka kwenye kava au ndani zaidi.

Mkanda ukiruka jino, gari linakuwa gumu kuwaka, nguvu zinapungua, moshi unaongezeka. Puli ya krankshafti ikiwa na meno 24, jino 1 ni nyuzi 15, kosa kubwa mno. Dalili hizo pia ni za nozeli au pampu ya dizeli, hivyo alama za taimingi zilizo kwenye puli ndizo za kuamua. Na kama umekatika kabisa, stata inazungusha injini kwa wepesi wa cherehani, bila ule mkazo wa kila pistoni. Acha hapo hapo. Kila unapojaribu tena unazidi kupinda valvu.

Kuutazama, fungua kava, toa glo plagi (plagi za kupasha joto silinda) ili injini iwe nyepesi, chora alama ya chaki mgongoni mwa mkanda, kisha zungusha bolti ya krankshafti kwa mkono, kwa mwelekeo wa saa, mpaka chaki irudi. Mizunguko miwili haitoshi, kwani mkanda ni mrefu kuliko duara la puli ya kamshafti. Tafuta nyufa kwenye mashina ya meno, kingo zilizochanika, na zaidi ya yote oili: sili ya krankshafti au kamshafti ikivuja, mpira unavimba na meno yanang'oka. Lakini nyuzi zinazobeba mzigo zimo ndani ya mpira, hazionekani, kwa hiyo mkanda unaopendeza macho bado unaweza kuwa umechoka. Usiukunje kuujaribu, nyuzi hizo ni za kioo. Ukibadilisha, tenshena na sili zibadilishwe pamoja.

Kwenye magari ya Japani angalia pia kama kava au mlango una stika ya gereji ya huko. Ina kilomita na tarehe ya mkanda kubadilishwa, ila mwaka mara nyingi ni wa Heisei, hesabu ya miaka ya enzi ya mfalme wa Japani: ukiona 17, ongeza 1988, mkanda huo ulifungwa 2005.